Sanduku la Maman Nsimire na Bima ya Benki

Ilunga mwanangu,

Umelala hatimaye. Nimekusikia ukigeuka kitandani mara kadhaa, sasa kimya. Mizigo yako iko mlangoni, na kila nikipita naigonga kwa mguu. Kuhusu kofia, dawa, na kumpigia simu mjomba wako mara ukifika Montréal, nimeshasema mpaka mate yamekauka, na najua umesikia nusu. Hayo tuyaache.

Nakuandikia kwa Kiswahili, tena kile tulichofundishwa na masista pale Likasi, rula mkononi, siyo hiki tunachopigiana kelele jikoni. Kifaransa nimewaandikia benki vya kutosha.

Kuna jambo moja tu linaloninyima usingizi. Jumapili, watu walipokuja kukuaga, ulisimama na bia yako ukawasimulia jinsi mama yako alivyoishinda benki. Unasimulia vizuri, hilo umelitoa kwa marehemu baba yako. Ukaniigiza mpaka na mkoba wangu kwapani: "Maman akamuangalia ule muzungu mu macho, akamuambia, monsieur, lettre yenu haikufika! Bon, bakarudisha makuta, pesa yote!" Watu wakacheka, Papa Célestin wa kanisani kwetu akapiga meza. Mimi nikaingia jikoni kuangalia wali ambao ulikuwa umeiva zamani.

Ilunga, sikusema kwamba barua haikufika. Unaondoka na hadithi ambayo siyo, na kosa la kukuachia ni langu. Sikutaka kukuaibisha mbele ya wageni wako. Lakini sitaki upande ndege ukidhani kwamba ujanja ule ndio urithi uliopata kwa mama yako.

Ili uelewe, lazima nirudi nyuma kidogo, Likasi, kambi ya wafanyakazi. Wewe kambi umeiona kwenye picha tu, ukasema nyumba zote zinafanana. Ni kweli zilifanana, na zote zilikuwa za kampuni ya madini. Babu yako alikatwa mshahara kila mwezi: nyumba, dawa, shule, unga. Hakuna aliyelalamika. Paa likivuja, mama alimtuma mmoja wetu ofisini, na kabla ya jua kutua fundi wa kampuni alikuwa juu ya ngazi. Balbu ikiungua, kampuni ilileta balbu. Kwetu sisi watoto wa kambi, kukatwa mshahara maana yake ilikuwa kutunzwa. Hatukujua kwamba kuna mtu anaweza kukukata asikutunze.

Nilikuja Ulaya na akili hiyo kichwani, na hakuna forodha iliyoikagua.

Tuliponunua nyumba hii ya mtaa wa Jette, baba yako alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa nasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini kama ninavyosukuma hadi leo. Benki ilinikubalia mkopo, nikalia mbele ya karani kama mtoto. Barabara yetu iko bondeni, unajua mwenyewe jinsi mvua inavyokusanyika pale chini. Baada ya muda benki ikaniandikia: nyumba yako iko mahali pa chini, tuonyeshe kama una bima ya mafuriko, usipotuonyesha tutaichukua sisi na kuiongeza kwenye malipo yako ya kila mwezi.

Barua ile ilifika. Niliifungua pale mezani jikoni, nikaisoma mpaka mwisho. Sikujibu. Malipo yalipopanda, nilifurahi! Nikajiambia, sawa, hawa nao wana ngazi na fundi. Wananikata, kwa hiyo wananitunza. Hata sikukumbuka kwamba siku tuliponunua nyumba, yule wakala wa bima wa karibu na kituo cha treni alikuwa ameniwekea bima ya moto, na kwamba ndani yake mafuriko yalikuwa yamo tayari kwa upande wa kuta. Nilikuwa nalipia kitu kimoja mara mbili, huku nikiimba.

Na kichwa kikavimba. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye kwaya yetu kuwa na nyumba yenye kave, chumba cha chini ya ardhi. Unajua watu wetu: huyu anahama Ixelles kwenda kwa dada yake, yule anangoja karatasi, mwingine anarudi nyumbani "kwa muda". Vyumba vyao vidogo, mizigo mikubwa. Mwenye nafasi chini ya nyumba hawezi kumwambia ndugu aende na sanduku lake barabarani. Wakaanza kuleta. Ulikuwa unanung'unika kwamba hupati pa kuweka baiskeli. Mimi nilikuwa nawapokea mlangoni kama bibi wa mkoloni, nikiwaambia: "Leteni tu. Hapa maji ikiingia, benki italipa."

Nilisema hivyo kwa Maman Nsimire pia.

Alikuwa ametoka Bukavu, mjane, akipanga chumba kule Molenbeek chenye ukuta unaolia maji majira yote. Alileta sanduku la bati, la buluu, lenye kufuli. Alilibeba pamoja na dereva wa teksi. Aliniuliza mara mbili kama mahali ni pakavu. Mara ya pili nilichukia kidogo. Nikamjibu, "Maman, iko assurance, bima iko." Akaniamini. Hakuwa mjinga, Ilunga. Aliniamini kwa sababu nilisema kama mtu anayejua.

Mvua ile unaikumbuka. Ilipiga mchana kutwa, mifereji ya barabarani ikashiba, maji yakarudi kupitia tundu la kave. Tuliposhuka, sanduku la buluu lilikuwa likielea na kugonga ngazi taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Wewe uliingia mpaka kiunoni ukalivuta. Nakushukuru kwa hilo, sijawahi kukuambia.

Alipolifungua, tulikuwa sote pale. Vitenge vilikauka baadaye. Koti la mumewe lilikauka. Picha hazikukauka. Zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, na alipojaribu kuzibandua, uso wa mumewe ulibaki upande wa pili, nusu nusu. Hakuwa na picha nyingine. Nyumba yao kule Bukavu ilikuwa haipo tena. Hakulia. Alizifunga kwenye taulo letu, akasema tu, "Ulisema benki italipa."

Nami, Mungu anisamehe, nilisema, "Italipa."

Kesho yake nilienda benki na suti ya Pasaka. Nilikuwa na haraka ya mtu anayekwenda kuchukua chake. Karani alikuwa kijana mpole, akafungua faili langu, akanieleza polepole kama anaongea na mgonjwa. Bima hii, madame, ni ya benki. Inalinda mkopo. Kuta zikianguka, benki inalipwa deni lake. Kuta zako zimesimama. Nikamuuliza, na vitu vilivyokuwa ndani? Akasema benki haina vitu ndani ya kave yako. Nikamuuliza, lakini anayelipa ni nani? Akasema, ni wewe.

Ulikuwa unaningoja nje. Nilipokueleza, uliuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza: "Maman, donc tunalipaka assurance ya bengine?" Yaani tunalipia bima ya watu wengine. Nilikukaripia njia nzima. Ulikuwa umesema kweli, na kweli inayotoka kwa mtoto wako inauma kuliko ya karani.

Ndipo nikatafuta karatasi za yule wakala, nikakuta bima ya mafuriko ilikuwepo tangu mwanzo. Sasa nikapata hasira ya haki, na hasira ya haki ni tamu, mwanangu, inakufanya usahau makosa yako. Nikawaandikia benki: nirudishieni. Wakajibu: tulikuonya kwa barua, hukutuonyesha kitu. Nikaacha kulipa kile walichoongeza, nikawa nalipa mkopo peke yake. Wakahesabu nimechelewa, wakatoza faini, faini ikazaa faini. Kisha ikaja ile barua ya kutishia kuuza nyumba. Ulinisihi, "Lipa tu, maman, tutalala wapi?" Nikakuambia kwamba sikuvuka bahari kuja kuibiwa na watu waliovaa tai. Maneno mazuri. Lakini usiku nilikuwa nikizunguka vyumbani nikigusa kuta kama mtu anayeaga.

Na kanisani niliacha kwaya. Watu walidhani ni uchovu wa kesi. Ukweli, Maman Nsimire alikuwa anaimba sauti ya pili, anasimama upande wangu wa kushoto. Hakunidai, hakunisema kwa watu. Angenitukana ningeimba. Wewe ulipomwona siku moja sokoni ukamwambia aache kumsumbua mama yako kwa ajili ya kisanduku cha bati, nilijua. Aliniambia mwanamke mwingine. Sikukugombeza, kwa sababu ulikuwa umesema kwa mdomo kile nilichokuwa nakitaka moyoni: kwamba kosa liwe la benki, na huzuni ya mama yule iwe kelele tu.

Basi tukafika kwa msuluhishi, yule mtu anayesikiliza wateja na benki zao. Wiki nzima Papa Célestin alikuwa ananifundisha. "Maman Ilunga, sema lettre haikufika. Haikukuwa recommandée, hakuna mutu alitia saini. Nani ataangalia? Ukisema uliisoma, alors, nyumba inaenda." Na wewe kwenye tramu: "Maman, ni maneno moja tu." Nilikubali. Nakuambia kweli, nilipokuacha kwenye benchi la korido nikaingia, neno hilo lilikuwa tayari ulimini.

Ndani walikuwa wawili: msuluhishi, ambaye ni mwanamke wa makamo mwenye miwani, na bwana wa benki ambaye si yule karani. Niliweka karatasi za wakala mezani. Msuluhishi akazisoma, akatikisa kichwa kumwelekea bwana wa benki, nikaona mambo yanakwenda vizuri. Halafu akaniuliza, bila ukali: "Madame, barua ya onyo uliipata?"

Sikiliza, Ilunga. Sikuwa mtakatifu saa ile. Nilifungua mdomo nidanganye. Nikaona sanduku la buluu likigonga ngazi. Nikafikiri: nilimwambia yule mama kitu nisichokijua, kwa sauti ya kujua, na picha zikafa. Sasa nataka kumwambia huyu kitu ninachojua si kweli, kwa sauti ileile. Nikaona aibu kwa sauti yangu mwenyewe.

Nikasema, "Niliipata. Niliisoma yote."

Bwana wa benki akaegemea kiti. Msuluhishi akauliza kwa nini sikujibu. Nikamweleza kambi. Nikamweleza mshahara wa baba yangu, fundi, ngazi, balbu. Kifaransa changu kilikuwa kinakwaa, nilikuwa nalia, na suti ya Pasaka ilikuwa inanibana. Nikasema: "Nilifikiri mnanitunza." Hakuna aliyecheka. Bwana wa benki akaangalia kalamu yake. Nilitoka nikijua nimepoteza nyumba.

Uliponyanyuka kwenye benchi uliuliza, "Ulisema haikufika?" Nikakujibu, "Twende nyumbani." Ukalichukua jibu hilo kuwa ndiyo, nami nikakuachia.

Uamuzi ulipokuja, ulisema hivi: nyumba ilikuwa na bima tangu siku ya kwanza, benki haikuwa na hatari yoyote ya kulinda, kwa hiyo irudishe ilichotoza na ifute faini zote. Kuhusu barua, ulisema nilifanya uzembe, na gharama ya kuandikiana nibebe mimi. Nikabeba. Nyumba ikabaki. Ulirukaruka ukapasua glasi, ukaenda kuwapigia simu marafiki zako kwamba maman ni mjanja. Na mimi nilipenda, Ilunga. Mwanamke anayesukuma vitanda, mwanawe anamwita mjanja. Nilikaa na sifa isiyo yangu miaka hii yote, kama nilivyokaa na bima isiyo yangu.

Hapo ningeweza kuishia, ila bado hujasikia lile lililonifunza.

Pesa ziliporudi, nilitoa fungu kubwa nikalitia kwenye bahasha, nikapanda basi kwenda Molenbeek. Maman Nsimire alinikaribisha, akaweka chai. Nikamsimulia ushindi wangu, mpaka na maneno niliyomwambia msuluhishi, kwamba barua niliipata, kwamba sikuuliza kitu. Nilijisikia msafi. Nikasukuma bahasha mezani. Nikasema, "Hii ni yako. Benki imelipa, njo vile nilikuambiaka."

Akairudisha kwa kidole kimoja.

"Weka franga yako, Maman Ilunga. Sura ya bwana yangu inauzishwa bei gani?" Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Kisha akasema, "Kule kwa bazungu ulisema kweli. Kwangu mimi, bado."

Ni kweli. Nilikuwa nimeungama kwa watu nisiowajua, watu ambao sikuwakosea chochote, na nikamletea yeye ushindi na bahasha. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo kila mtu analijua. Lakini aliyeyamwaga anaweza angalau kusema ni yeye. Nikamwambia, "Nsimire, ulipouliza kama mahali ni pakavu, sikujua. Nilisema tu, nionekane mukubwa. Nimeharibu picha za bwana yako." Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, chai ikapoa. Hakusema nimekusamehe. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akangoja mpaka likaja.

Nilirudi kwenye kwaya. Alisogea kidogo nikapata nafasi yangu.

Sasa unaenda nchi ya watu wengine. Utapata kazi, utakatwa mshahara, na utaulizwa mambo na watu wa kwetu watakaofika baada yako, wakikuona wewe ndiye mwenyeji. Wataamini utakachowaambia kuhusu karatasi, kuhusu nyumba, kuhusu daktari, kwa sababu tu umetangulia. Sikuogopei baridi ya huko. Naogopa ile raha ya kuonekana unajua. Mimi iliniponza kuliko benki. Benki ilichukua pesa, ikazirudisha.

Wala usinielewe vibaya ukafunga mlango wako. Nilijaribu. Baada ya mafuriko nilisafisha kave nikaweka kufuli, nikamwambia kila mtu hakuna nafasi. Unakumbuka, baiskeli yako ilikaa peke yake kama mfalme. Nyumba ilikuwa salama na sikuipenda.

Jana ulipokuwa Ixelles ukiwaaga wenzako, kengele ililia. Alikuwa Maman Nsimire. Alikuwa amekuletea sombe, yale majani ya muhogo, iliyogandishwa, nikamwambia ndege haitaki, akasema basi tuile sisi. Nyuma yake palikuwa na sanduku dogo la kitambaa. Keshokutwa anakwenda Lille kwa dada yake aliyejifungua, hajui atakaa muda gani, na chumba chake kamwachia mtu mwingine. Ndani, alisema, mna picha moja. Shemeji yake kaipata kwa jamaa kule Uvira: mumewe kasimama karibu na pikipiki, kijana bado.

Nilitazama sanduku lile nisiweze kulishika. Nikamwambia, "Nsimire, hapa maji inaweza kuingia tena. Hakuna mutu atakulipa, benki wala mimi."

Akasema, "Najua. Njo maana nalileta kwako."

Liko chini ya kitanda changu, mbali na kave. Nalisikia kwa kisigino ninapoandika nimekaa kitandani. Kesho atakuja uwanja wa ndege kukuaga. Anajua ulichomwambia sokoni, na anakuja hata hivyo. Sikuagizi kitu. Nimekuambia tu nani atakuwa amesimama pale, upande wangu wa kushoto.

Mama yako